Anayemimina Aonje Kwanza

Mwalimu Makena, aliyerithi kazi yangu ya ushauri nasaha katika shule moja juu kidogo ya Kibirichia, amenipigia simu mara nyingi akitaka nimwandikie namna tulivyoondoa ubaguzi pale shuleni. Anasema wakaguzi walipita, wakafurahi kuona watoto wa kila aina wakila pamoja, wakamuuliza siri ni nini. Akawaambia atamuuliza mwalimu aliyestaafu. Ameomba kurasa chache zenye vichwa vidogo vidogo. Vichwa vidogo sina. Muda ninao, kwa maana hapa Ishiara jua likishapanda hakuna kazi inayofanyika ila kukaa kivulini na kuwatazama mbuzi wa jirani wakila mbaazi zangu.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo sikupata vya kusimulia, na mshahara wa mwalimu mnaujua wenyewe.

Siku ya kwanza nilifika Kibirichia nikiwa na sweta jepesi la kuvaa kanisani na mfuko wa ndengu, maana mkono mtupu haulambwi. Sweta lile lilikuwa mzaha. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya waru, yaani viazi, hadi saa nne, na mimi nilisimama mbele ya walimu wenzangu meno yakigongana. Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Murithi, mtu mrefu mwenye moyo safi na mkono wa kusalimia usiochoka. Akasema, “Walimu, huyu ni Mwalimu Ciarunji, ametoka Ishiara. Mgeni njoo, mwenyeji apone!”

Makofi yalianza vizuri, kisha yakapungua ghafla. Mwalimu mmoja aliyeketi karibu na dirisha akauliza, “Ishiara ya Mbeere? Huko chini kabisa?”

“Ndio,” nikasema.

“Aaai. Ni mbali.”

Nilidhani anazungumzia safari. Ndengu zangu zilikaa juu ya kabati la chumba cha walimu mpaka zikaingiwa na wadudu, na hakuna aliyezigusa. Ndipo nikaanza kuelewa.

Kwa wale ambao hamkulelewa huku, nieleze. Milimani kuna watu wanaoamini kwamba sisi wa kule chini, kwenye joto, tunajua kuroga kwa chakula. Ni uongo wa zamani, na hauna mwenyewe. Ukimuuliza mtu aliyeambiwa na nani, atakwambia lisemwalo lipo. Mtu huyo huyo atakusalimu, atakuombea ukiugua, atakusaidia kubeba mzigo. Lakini kikombe chako hatakigusa.

Pale shuleni walimu tulipika chai kwa zamu, kila mtu wiki yake. Wiki yangu ilipofika niliamka mapema, nikanunua maziwa kwa jirani, nikatia tangawizi. Nikawamiminia wote, na kabla ya kuwagawia nikaonja kidogo kutoka kikombe changu. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Kwetu anayemimina huonja kwanza, awe anamimina uji, pombe ya harusi au maji ya kunywa, na mtoto asiyeonja hupigwa kofi kwa kukosa adabu. Nilionja kwa heshima. Wao wakatazamana.

Baadaye nilikuja kusimuliwa yaliyosemwa: mbona ameanza kujisafisha na hakuna aliyemshtaki?

Siku ile mmoja alikuwa na vidonda vya tumbo. Mwingine alikuwa amefunga kwa maombi. Mwingine daktari alikuwa amemkataza maziwa, na kesho yake, chai ikiwa ya mtu mwingine, akanywa vikombe viwili vya maziwa matupu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimesikia magonjwa ambayo hata zahanati ya pale haikuyajua. Chai nilirudi nayo chumbani kwangu kwenye chupa, nikainywa peke yangu nikisahihisha insha. Ilikuwa chai nzuri, nasema kweli.

Mmoja tu alikunywa. Aliitwa Mwalimu Kinoti, mzee wa darasa la kwanza, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Alivuta kiti karibu nami, akaonja, akafikiri.

“Hii iko na tangawizi. Nani amekufunza?”

“Mama.”

“Basi mama yako ni mtu. Ongeza.”

Nilimuuliza kama haogopi. Akacheka. “Mimi nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Kama kuna kitu ya kuniua, ingekuwa ishaniua huko.” Kisha akainama akasema polepole, “Hawa watu wanasema wewe ni murogi. Usijitetee, mwalimu. Mtu akijitetea na urogi, watu wanasema kumbe iko.”

Nilimsikiliza, na ushauri huo niliutii hadi nilipostaafu. Lakini kunyamaza nako kuna gharama yake. Unapozoea kutojitetea, unazoea pia kutoongea. Ilifika mahali nikawa naongea na watoto mchana na redio jioni, basi. Mume wangu alikuwa Ishiara na shamba, nami nilishuka likizo kwa likizo, hadi mwaka alipofariki. Baada ya hapo nilishuka kwa ajili ya kaburi na paa la nyumba.

Kinoti ndiye aliyenifundisha kazi ya ushauri. Bwana Murithi alinipa kazi hiyo kwa sababu aliyoitamka bila kupepesa jicho: “Wewe huna rafiki hapa, Mwalimu Ciarunji, kwa hivyo hutapendelea mtu.” Sikujua nicheke au nilie, nikasema asante. Nilipewa stoo ya zamani ya mbegu za waru iwe ofisi, na harufu ya udongo haikuwahi kutoka. Kinoti akanitolea meza. Akasema mtoto akikuona nyuma ya meza anafikiria kiboko. Akaniletea vigoda viwili vya urefu sawa. Akaniambia pia kwamba usimuulize mtoto nani anakusumbua, kwa sababu atakwambia hakuna. Muulize jana ulikula na nani.

Nawaachia swali hilo, walimu wenzangu, na kama mmechoka kusoma mnaweza kuishia hapa. Katika miaka yangu yote halikunidanganya. Mtoto anayeonewa anajua kuficha michubuko, anajua kuficha machozi, lakini ukimuuliza alikula na nani, anasita. Kule kusita ndiko unakotafuta. Kwa swali hilo niliwapata watoto wa vibarua wa mashamba ya maua ya Timau waliochekwa kwa sababu ya lugha, na mvulana aliyekaa nje wakati wa chakula kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na wenzake walimwiga anavyotembea. Wengine niliwasaidia. Wengine walihamishwa kabla sijamaliza hata kujua majina ya wazazi wao.

Kinoti alistaafu akahamia kwa binti yake huko Timau. Nilimtembelea mara chache. Alipofariki niliketi nyuma kabisa ya hema, nikarudi Kibirichia jioni ile ile, na wiki ya zamu yangu ilipofika nikapika chai ya mtu mmoja.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa barakoa. Shule zilipofunguliwa kila mwalimu alikuja na chupa yake ya chai na kikombe chake, na zamu zikafa. Nakiri kwamba nilipumua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nakunywa peke yangu kama kila mtu.

Ndipo akaja Marigu.

Aliletwa gredi ya nne kutoka upande wa Ishiara, mama yake akiwa amezikwa likizo iliyopita. Shangazi yake, Mama Mwenda, alikuwa ameolewa Kibirichia na ndiye aliyemchukua. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Siku ya kwanza alinisikia nikitamka neno kwa lafudhi ya kwetu, akageuka, akanisalimu Kimbeere mbele ya shule nzima: “Wimwega, mwalimu?” Niliitikia. Sikuwa nimesalimiwa Kimbeere katika uwanja ule tangu nifike, na nilitembea hadi ofisini nikitabasamu peke yangu.

Furaha yangu ilikuwa ya muda mfupi. Shule yetu ilikuwa na uji wa saa nne. Mpishi aliujaza kwenye ndoo, ndoo moja kwa kila darasa, na mtoto mmoja wa zamu akashika upawa na kuwagawia wenzake. Zamu ya Marigu ilipofika nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo yangu. Nikamwona akijaza kikombe chake kidogo, akionja, kisha akiinua upawa kumsubiri wa kwanza.

Hakuna aliyekuja. Walisimama na vikombe vyao wamevikumbatia kifuani. Uji ukaanza kupoa, ukafanya utando juu. Marigu alibaki ameinua upawa mpaka akaushika kwa mikono miwili, na baridi ya Kibirichia saa nne inatisha, na watoto wale walikuwa na njaa, na bado hawakuja. Kengele ikalia. Mpishi akarudisha ndoo imejaa.

Nilimwita, tukaketi kwenye vigoda. “Jana ulikula na nani?”

Hakusita hata kidogo. “Mimi hukula nikitembea, mwalimu.”

“Kwa nini?”

“Mtu akitembea hawaoni kama ako peke yake. Wanafikiri kuna mahali anaenda.”

Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nami nilikuwa nikifanya hivyo hivyo na chupa yangu ya chai, nikizunguka na kitabu kwapani kana kwamba kuna darasa linaloningoja. Nilitamani kumkumbatia. Nilimpa kiazi cha kuchoma.

Wiki hiyo hiyo Mama Mwenda akaja. Hakukaa. “Mwalimu, mimi nimeolewa hapa. Nimenyamaza hadi watu wamesahau nimetoka wapi. Sasa huyu mtoto anawakumbusha. Jana mama wa jirani amerudisha sahani yangu ya chakula bila kukigusa. Shule ikifunga, nitampeleka kwa nyanya yake.”

“Nyanya yake haoni, Mama Mwenda. Nani atampeleka shule?”

“Atachunga mbuzi. Angalau mbuzi wanakula kwake.”

Sikumlaumu. Niliijua hofu yake kuliko yeye alivyofikiri. Lakini nilijua pia kwamba Marigu akishuka na kuanza kuchunga mbuzi wa bibi kipofu, darasa hataliona tena. Nilikuwa na muda hadi shule kufungwa.

Nikaenda kwa Bwana Murithi. Alisikitika sana, na mtu mwema akisikitika hukimbilia kufanya jambo. “Kesho paredi,” akasema. “Huyu mtoto anakunywa uji mbele ya watu wote, mimi nakunywa kikombe hicho hicho, na hii maneno inaisha.”

“Na akinywa, watajua nini?”

“Watajua uji haina kitu.”

“Leo haina. Na kesho?”

Akaketi.

“Mkuu, ukimsimamisha mtoto mmoja aonje, hiyo ni kesi, na umeshamshtaki. Tukionja sisi wote, hiyo ni adabu.”

“Sisi wote? Hata mimi?”

“Wewe wa kwanza.”

Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyonisikia nikitoa sauti. “Basi fanya yako,” akasema. “Lakini wazazi wakikuja hapa, nitawaambia ni wewe.” Mzazi alipokuja kweli, nimpe haki yake, hakusema hivyo.

Nilianza na kazi ya nyumbani. Niliwaambia watoto wa gredi ya nne, ya tano na ya sita wakamuulize mtu mzee kuliko wote nyumbani kwao: zamani mtu akikumiminia uji, alifanya nini kwanza? Sikuwaambia jibu, na sikumtaja mtu. Usiku ule sikulala vizuri. Kama wazee wa milimani wangekuwa wamesahau, au wangejibu vingine, ningekuwa nimemmaliza mtoto yule kwa mikono yangu.

Asubuhi mikono ilijaa hewani. Nyanya wa huyu alisema walikuwa wanaonja. Babu wa yule alisema hata pombe ya mahari, mwenye kumimina alikunywa wa kwanza. Kisha Kendi, msichana mnene mwenye mdomo usiofungwa, akasimama akasema, “Mwalimu, nyanya yangu anasema mtu asiyeonja ndiye walikuwa wanaogopa.”

Mikono ikashuka. Sikuongeza neno. Niliwatazama wakifikiri, na walimu mnajua jambo hilo halionekani kila siku.

Kuanzia Jumatatu ikawa sheria ya shule: anayemimina aonje kwanza. Bwana Murithi alimimina uji wa walimu wa zamu, akaonja, akaungua ulimi, shule nzima ikacheka. Mpishi akaonja. Viranja wakaonja. Hapo matatizo mengine yakaanza, ambayo hamtayapata katika kitabu chochote cha ushauri. Wavulana wa gredi ya sita walionja hadi nusu ya ndoo ikaisha. Ikabidi nitunge sheria kwamba kuonja ni mara moja na ni kwa kikombe chako, si kwa upawa. Mzazi mmoja alikuja akipiga kelele kwamba nafundisha watoto urogi. Bwana Murithi akamwambia, “Nenda uulize mama yako kwanza, halafu urudi.” Hakurudi.

Zamu ya Marigu ilirudi wiki ya mwisho ya muhula. Mama Mwenda alikuwa ameshafua nguo za mtoto na kuzifunga. Nilisimama tena mlangoni mwa stoo. Marigu akaonja kama alivyoonja kila mtoto kabla yake, akainua upawa. Walisita. Kisha Kendi akasema kwa sauti, “Mimi njaa inaniuma, nyinyi simameni,” akasukuma mwenzake, akanyoosha kikombe. Akanywa. Akarudi kuomba tena kabla wengine hawajapata, wakamzomea, na katika kuzomea huko mstari ukajipanga wenyewe.

Nilifunga mlango nikalia kwenye mifuko ya mbegu iliyobaki pembeni.

Marigu hakuhamishwa. Hiyo ndiyo siri, Mwalimu Makena, waambie wakaguzi. Ilichukua miaka kadhaa hadi watoto wapya wakawa wanaonja bila kujua kwamba kuna wakati hawakuonja. Katika chumba cha walimu mambo yalibaki yalivyokuwa, kila mtu na chupa yake. Sikuwa na kazi ya nyumbani ya kuwapa walimu.

Naye Marigu akakua. Alijifunza Kimeru haraka, na lafudhi ya milimani ikamkaa hadi mgeni asingemjua. Akacheza mpira wa wavu, akawa na kundi lake la wasichana, Kendi akiwa katikati. Hakula tena akitembea. Siku moja alipokuwa gredi ya saba nilimsalimu Kimbeere karibu na bomba. Akaangalia huku na huku, akanisogelea. “Mwalimu, tafadhali usiniongeleshe hiyo lugha mbele yao.” Hakuwa na dharau. Alikuwa anaomba. Nilisema sawa, na tangu hapo tukasalimiana Kiswahili, lugha ya kila mtu. Iliniuma. Nilirudi kuwa peke yangu katika uwanja ule, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nilikuwa nimeonja vinginevyo.

Mwaka niliostaafu ndio aliomaliza gredi ya tisa. Siku ya kufunga, wasichana wa kundi lake walikuja stoo kuniaga. Nilikuwa nimepika chai kwenye jiko dogo, kwa tangawizi, nikiwa na matumaini ambayo mtu wa umri wangu hakupaswa kuwa nayo. Nikamimina vikombe vyote. Nikaonja changu kwanza.

Wasichana wa Kibirichia wakanywa. Watoto ambao mama zao wasingegusa kikombe changu wakanywa wote, wakapuliza, wakasifu. Kendi akaomba cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. Nikaona miaka yangu yote ikinyweka mbele ya macho yangu.

Marigu alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Hakukiinua. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi, akafumba midomo. Nilimwelewa papo hapo. Wale wengine hawakuwa na la kuogopa. Wakinywa kwangu, ni chai tu. Yeye akinywa kwangu, kuna mtu angeweza kukumbuka alikotoka.

“Mimi nimeshiba, mwalimu,” akasema.

“Umeshiba nini na tumekuja hapa kabla ya chakula?” Kendi akauliza, akicheka, na wengine wakageuka kumtazama.

Nikanyoosha mkono, nikakitwaa kikombe chake. “Mwacheni,” nikasema. “Hiki nilijimiminia mimi, nikampa anishikie.” Nikakinywa chote kikiwa moto, mpaka mwisho, wakageukia mambo yao.